Kutoka kadi ya salamu hadi mlisho: historia ya fomu inayojitangaza yenyewe

Najua nimepotea. Kazi ilinibana, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa pia na aibu, na mtu mwenye aibu kibodi humwia nzito. Leo nimeamua kuitoa yote. Kisha nitawasimulia historia niliyoifuatilia baada ya aibu hiyo, maana naona inatuhusu sote tunaounganisha vitu mtandaoni.

Naandika nikiwa Wang'uru, mji ambao wengi wenu mnauita Ngurubani, kilomita kama 100 kutoka Nairobi ukifuata barabara ya Embu. Ukishuka kwenye matatu, kitu cha kwanza utakachouziwa ni mchele wa pishori. Ukitoka mjini kwa miguu, hupiti muda kabla hujakuta mashamba ya mpunga na mifereji. Hapa maji ndiyo kila kitu. Yanatoka mito Thiba na Nyamindi, yanagawanywa kwa zamu, na zamu yako ikipita bila maji kufika, hakuna wa kukurudishia.

Agosti 2024 kikundi cha wakulima wanaotegemea mfereji mmoja kiliniomba msaada. Shida yao ilikuwa habari. Lango likivunjika huko juu, wa chini hujua siku ya tatu, miche ikiwa imeanza kugeuka rangi. Nikawatengenezea fomu ya Google yenye maswali matano: tarehe, sehemu ya mfereji, aina ya shida, uharaka wake, na nafasi ya maelezo. Majibu yakawa yanaingia kwenye lahajedwali. Kisha nikachukua mojawapo ya huduma hizi za kuunganisha programu bila kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Unachagua upande huu "jibu jipya likiingia", upande ule "ongeza habari kwenye mlisho", unabofya, umemaliza. Mlisho huo wa RSS ukawa unalisha sehemu tatu: ukurasa mdogo wa wavuti, chaneli ya Telegram, na skrini iliyo kwenye duka la pembejeo. Kazi nzima ilinichukua saa moja na nusu, chai ikiwemo. Nilijisikia bingwa.

Wiki mbili mambo yalikwenda vizuri. Mfereji ukiziba, mtu anajaza fomu, wenzake wanaona, wanatoka na majembe. Halafu usiku mmoja, saa nne na ushee, mtu ambaye hakuandika jina lake alijaza fomu ile. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika jina kamili la mzee mmoja, akataja shamba lake, akasema huyo ndiye anayefungua lango usiku na kuiba maji ya wenzake. Robo saa baadaye maneno hayo yalikuwa kwenye ukurasa, kwenye Telegram na kwenye skrini. Vijana wakayanakili kwenye makundi ya WhatsApp. Kulipokucha, kiingilio cha maji cha mzee yule kilikuwa kimezibwa kwa mawe na magunia ya udongo. Kitalu chake kilikaa siku nne bila maji. Fundi alipokuja kukagua, akakuta ubao wa lango umeoza na maji yanajipitia yenyewe. Na mzee huyohuyo alikuwa ameshalalamika kwa mdomo juu ya ubao huo wiki moja kabla.

Nilikwenda kumwona. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mambo ya mifumo na seva. Hakunipa nafasi.

"Kijana wangu," aliniambia, "simu yangu mimi ni kabambe. Maneno yale yamesomwa na watu wote kabla mimi sijaambiwa kwamba yameandikwa. Wewe uliyasoma kabla hayajatoka?"

"La, mzee. Sikuyasoma."

"Basi nani aliyasoma?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu lilikuwa: hakuna. Nilikuwa nimejenga kitu ambacho sifa yake kuu ni kwamba hakuna mtu anayehitaji kukisoma.

Kwa msomaji asiyeijua Mwea, neno "mwizi wa maji" linaweza kuonekana dogo. Si dogo. Skimu hii ilianza miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na mifereji ya kwanza ilichimbwa kwa nguvu za wafungwa wa Mau Mau. Baada ya uhuru iliingia chini ya Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji, iliyoundwa mwaka 1966. Mkulima hakuwa mwenye shamba bali mpangaji mwenye leseni, na kanuni ziliupa uongozi wa skimu uwezo wa kuiondoa leseni hiyo. Mpunga wote ulipaswa kupelekwa kwa Bodi, hadi wakulima walipoukataa utaratibu huo mwaka 1998. Kwa hiyo wazee wa hapa wanafahamu vizuri maana ya mtu mwingine kuandika jambo kukuhusu mahali usipopaona. Nami, bila kujua, nilikuwa nimewarudishia kitu cha namna hiyo.

Swali la mzee ndilo lililonisukuma kuangalia nyuma: nani aliyasoma kabla hayajatoka? Nikaanza kujiuliza, katika safari nzima ya kuunganisha fomu na habari, mtu huyo wa kusoma alikuwa wapi, na alipotelea wapi?

Nianze mbali kidogo na kompyuta. Waliokulia na redio watakumbuka kadi za salamu. Ulinunua kadi iliyokwisha kuchapishwa, yenye nafasi za kujaza: jina lako, unakotoka, majina ya unaowasalimia, na ujumbe wako. Ukaipeleka posta, ikafika Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuka kuwa KBC, na siku moja mtangazaji wa Idhaa ya Taifa akaisoma hewani. Tazama kwa jicho la mwandishi wa programu: kadi ile ni fomu, kipindi kile ni mlisho, na kila redio nchini ni kisomaji. Utaratibu wa kuunganisha majibu ya fomu na matangazo tumekuwa nao kabla ya intaneti kufika kwetu.

Tofauti ni moja. Katikati alikaa mtangazaji. Aliishika kadi mkononi, akaisoma kwa macho kabla ya kuisoma kwa sauti. Kama mtu alitumia kadi kumtukana jirani, kadi hiyo iliishia kapuni na taifa halikujua. Hakuna aliyemwita mtangazaji "hatua ya uhakiki". Alikuwepo tu kwa sababu bila mdomo wake kadi haikuweza kusema. Uhakiki ulipatikana bure, kwa sababu teknolojia ya wakati ule haikuwa na njia ya kumruka.

Sasa tuje kwenye mlisho wenyewe. RSS ilitoka Netscape mwaka 1999, ikikusudiwa kuleta vichwa vya habari vya tovuti mbalimbali kwenye ukurasa mmoja. Mwaka 2002 Dave Winer alitoa RSS 2.0, ambayo ndiyo wengi wetu tunaitumia mpaka leo, na Desemba 2005 Atom ikapata hadhi rasmi kama RFC 4287. Wanablogu wa Kenya waliipokea mapema. Mwaka 2004 Daudi Were alianzisha mkusanyiko wa blogu za Wakenya, na milisho ndiyo iliyotuwezesha kufuatana bila kuzungukia kila tovuti kila asubuhi.

Lakini angalieni jambo moja. Mlisho wa blogu ulibeba maneno ya mwenye blogu. Aliyeandika na aliyechapisha ni mtu yuleyule. Mwanablogu akisema uongo, jina lake lipo juu ya ukurasa na unajua wa kumuuliza. Hakukuwa na haja ya mtu wa tatu kati ya kalamu na mlisho. RSS ilizaliwa katika mazingira hayo, na ndiyo maana ndani ya RSS 2.0 hakuna njia ya kusema "habari hii imeondolewa". Unaweza kuifuta kwako, lakini kisomaji kilichokwisha kuichukua kina nakala yake na hakijui kwamba umebadili mawazo. Atom ilipata nyongeza ya kutangaza habari iliyofutwa, RFC 6721, mwaka 2012. Mimi siwezi kuegemeza heshima ya mtu juu ya matumaini kwamba kila kisomaji kitaifuata. Ndiyo sababu nilipoufuta mstari wa mzee kwenye lahajedwali, kilichobadilika kilikuwa lahajedwali langu tu.

Mwaka 2007 mambo yakaanza kuunganika. Mwezi Februari Yahoo ilifungua Pipes. Waliowahi kuitumia bila shaka wanaikumbuka kwa upendo. Ulivuta vijisanduku kwenye skrini, ukaviunganisha kwa mabomba, mlisho ukaingia upande huu na kutoka upande ule ukiwa umechujwa, umepangwa, umechanganywa na mwingine. Mtu asiye mwandishi wa programu aliweza kujenga mtambo wake wa habari. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2008, Google iliongeza fomu kwenye lahajedwali zake. Na lahajedwali hizo ziliweza kuchapishwa kama mlisho. Kwa maneno mengine, mwanzoni mwa 2008 vipande vyote vya mtambo wangu wa Ngurubani vilikuwa tayari vimelala mezani.

Kati ya tarehe hizo mbili, Kenya iliungua.

Matokeo ya uchaguzi wa rais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tunajua kilichofuata: zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Kwenye ukimya ule wa vyombo vya habari watu walitegemea meseji na blogu. Ory Okolloh, mwenye blogu ya Kenyan Pundit, alikuwa akipokea taarifa kutoka kwa wasomaji na kuzichapisha. Zikamzidi. Tarehe 3 Januari 2008 akaandika kuomba watu wa teknolojia wasaidie kutengeneza ramani ya matukio. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaingia kazini, na katika siku chache tovuti ya Ushahidi ikawa hewani. Raia aliweza kutuma taarifa kwa fomu ya wavuti, kwa barua pepe au kwa meseji, na taarifa ikaonekana kwenye ramani.

Nilipoipitia upya hadithi hii, nilichokitafuta hakikuwa ramani. Nilikuwa namtafuta mtangazaji wa kadi za salamu. Nikamkuta. Taarifa haikwenda kwenye ramani moja kwa moja. Ilisomwa kwanza na binadamu, na ilipowezekana ikalinganishwa na habari nyingine. Baadaye jukwaa hilo lilipotolewa kwa yeyote kulitumia, wazo hilo liliingizwa ndani kama vitufe viwili tofauti kwa kila taarifa: kimoja cha kuidhinisha, kingine cha kuthibitisha. Naomba mvifikirie vitufe hivyo viwili. Kuidhinisha maana yake ni kwamba taarifa hii inafaa kuonekana na watu. Kuthibitisha maana yake ni kwamba tumehakikisha ni kweli. Taarifa inaweza kuidhinishwa ikiwa bado haijathibitishwa, na msomaji anaambiwa hivyo. Mlisho wa RSS wa jukwaa ulibeba zilizoidhinishwa tu.

Kuna upande mwingine wa hadithi ambao hausimuliwi sana. David Kobia huyohuyo alikuwa akiendesha Mashada, baraza la mtandaoni la Wakenya lililokuwa maarufu sana. Baada ya uchaguzi ule matusi ya kikabila yaliingia kwa kasi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma na kuyazuia. Januari 2008 aliamua kulifunga kwa muda, na mahali pake akaweka ukurasa wenye ujumbe wa kwamba hana kabila. Kwa hiyo mtu mmoja, katika mwezi mmoja, alisaidia kufungua mlango mmoja wa taarifa za raia na akafunga mwingine. Naona hakuna mkanganyiko hapo. Mlango mmoja ulikuwa na watu wa kusoma wanaotosha. Mwingine ulikuwa umezidiwa.

Wala si intaneti peke yake. Tume ya Jaji Philip Waki, katika ripoti yake ya Oktoba 2008, ilitaja mchango wa baadhi ya redio za lugha za mama katika kuchochea chuki, vikiwemo vipindi vya wasikilizaji kupiga simu. Rudini kwenye kadi ya salamu. Simu ya moja kwa moja ni kadi inayojisoma yenyewe. Mtangazaji yupo studioni, lakini anasikia neno wakati uleule unaolisikia wewe, na neno likishatoka halirudi.

Miaka iliyofuata ilionyesha gharama halisi ya kumweka mtu katikati. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, Patrick Meier na wanafunzi wenzake huko Boston walifungua ramani ya Ushahidi. Namba fupi ya 4636 ilipoanza kupokea meseji, nyingi zilikuwa kwa Krioli, na Wahaiti waliotawanyika duniani walijitolea kuzitafsiri. Hapa kwetu mradi wa Uchaguzi ulitumia jukwaa hilohilo kwenye kura ya maoni ya katiba ya tarehe 4 Agosti 2010, kisha kwenye uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Machi 2013. Waliojitolea waligawanywa kwa timu: wa kupokea meseji, wa kutafsiri, wa kutafuta mahali kwenye ramani, wa kuthibitisha, wa kuchambua. Tunapozungumza juu ya miradi hii huwa tunasifu programu. Ukweli ni kwamba programu ilikuwa meza tu. Kazi ilifanywa na watu waliokaa kuizunguka.

Na hapo ndipo zana mpya zikaingia. IFTTT ilifunguliwa kwa umma mwaka 2011: hiki kikitokea, fanya kile. Zapier ilifuata mwaka 2012. Kutoka Ucheki ikaja Integromat, ambayo mwaka 2022 ilibadilishwa jina na kuitwa Make. Mwaka 2019 ikaja n8n ya Berlin, ambayo unaweza kuiendesha kwenye seva yako mwenyewe. Katikati ya safari Google Reader ilifungwa Julai 2013, na Pipes ikazimwa tarehe 30 Septemba 2015. Wengi walidhani milisho imekufa. Haikufa, iliingia chini kama bomba la maji lililofukiwa. Podikasti unazosikiliza zinaletwa kwako na RSS, na huduma hizi za kuunganisha zinaipokea na kuitoa mpaka leo.

Simlaumu mtu aliyezitengeneza zana hizi. Nazitumia kila siku na zimenilipia karo. Lakini ukizipanga kwa miaka yake unaona jambo moja. Katika kadi ya salamu, kumruka msomaji wa katikati hakukuwezekana. Katika Ushahidi iliwezekana, lakini waliojenga walimweka kwa makusudi kwa sababu walikuwa wameona damu. Katika zana za leo, mtu wa katikati ni hatua ya ziada ambayo lazima uikumbuke mwenyewe na kuiongeza mwenyewe. Usipoikumbuka, mtambo hautakukumbusha. Utakuandikia kwa rangi ya kijani kwamba kila kitu kimefanikiwa. Usiku ule wa mzee, rajisi ya mtambo wangu ilisema hivyohivyo: imefanikiwa.

Kwa hiyo rahisi haikuwa mbaya. Ubaya ni kwamba kilichorahisishwa ni kuunganisha tu, wakati kuunganisha hakukuwa sehemu ngumu tangu mwanzo. Sehemu ngumu ni kusoma.

Haya, basi nimefanya nini? Najua mnasubiri, kwa hiyo naweka hatua zote hapa, zichukueni.

Kwanza, niliikata nafasi ya maelezo kutoka kwenye mlisho. Bado ipo kwenye fomu, lakini inaishia kwenye lahajedwali ambalo wanakikundi wawili tu wanaliona. Kinachoweza kutoka ni majibu ya kuchagua: sehemu ya mfereji, aina ya shida, uharaka. Hakuna jina la mtu linaloweza kupita humo hata mtu akitaka.

Pili, niliongeza safuwima moja kwenye lahajedwali, nikaiita "hali". Ina maneno matatu tu ya kuchagua: limepokelewa, limeidhinishwa, limethibitishwa. Mtambo haumsikilizi tena mjazaji wa fomu. Unasikiliza safuwima hiyo. Jibu jipya likiingia, kinachotokea ni meseji kwa wasomaji wawili, basi. Mmoja akibadilisha hali, ndipo mlisho unapopata habari. Na habari yenyewe inasema wazi kama imethibitishwa au bado. Ndiyo, nimeiba vitufe viwili vya Ushahidi.

Tatu, masahihisho. Kwa kuwa habari ya RSS hairudi, sitegemei kufuta. Kosa likitoka, natoa habari mpya yenye kitambulisho chake, kichwa chake kikianza na neno SAHIHISHO, iende kulekule kosa lilikokwenda. Ukitumia kitambulisho kilekile cha zamani, visomaji vingi vitadhani ni habari waliyokwisha kuiona na vitaipuuza, kwa hiyo muwe makini hapo.

Nne, sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019. Jina la mtu na shamba lake ni data ya mtu binafsi, na kusema "ni mtambo uliochapisha" hakukuondolei jukumu. Mtambo hauna jina wala kitambulisho. Wewe unacho.

Matokeo? Mlisho umekuwa wa polepole. Zamani habari ilitoka ndani ya robo saa. Sasa inachukua nusu saa hadi saa mbili, na ikiingia usiku wa manane husubiri mpaka alfajiri. Kuna wanaolalamika. Kijana mmoja aliniambia nimeuharibu mtambo mzuri. Nilimwelewa, maana lango likivunjika saa saba usiku, masaa hayo ni miche ya mtu. Tumekubaliana kwamba shida ya haraka mtu anapiga simu moja kwa moja kwa msimamizi wa maji, kama ilivyokuwa kabla yangu. Si lazima kila kitu kipite kwenye fomu.

Na mzee? Nilipomaliza marekebisho nilirudi kwake, nikamwonyesha sahihisho kwenye simu yangu. Alilitazama kwa muda, akanirudishia simu.

"Ni vizuri," alisema. "Lakini walioziba maji yangu hawatanisomea hilo. Njoo mkutanoni uliseme kwa mdomo wako."

Nilikwenda. Mkutano ulifanyika jioni kando ya mfereji, watu kama arobaini, wengine na majembe mabegani. Nilisimama nikasema kwamba maneno yale yalitoka kwenye mtambo nilioujenga mimi, kwamba sikuyasoma kabla hayajatoka, na kwamba hayakuwa kweli. Nilichukua dakika mbili kusema maneno hayo, na zilikuwa ngumu kuliko ile saa moja na nusu ya kuujenga mtambo. Wanakikundi wakamchangia miche kutoka vitalu vyao. Haikutosha shamba lote. Kona moja aliipanda kwa kuchelewa, na alipokuwa akinipigia hesabu ya hasara hakuipunguza ili anifurahishe.

Nimeandika haya kwa sababu najua kuna mwenzangu mahali fulani, Nyeri, Karatina, Mwanza au kwingineko, ambaye leo jioni ataunganisha fomu na mlisho kwa saa moja na nusu, ajisikie bingwa. Unganisha, ndugu yangu. Ni kazi nzuri na watu wanaihitaji. Ila kabla hujabofya kitufe cha kuwasha, jiulize swali la mzee wa Mwea, na uandike jibu lake kwa jina la mtu, si jina la programu: nani atayasoma kabla hayajatoka?

Wiki ijayo nikijaliwa nitaweka hapa mfano wa lahajedwali lenye ile safuwima ya hali, mlipakue na kulijaribu. Mwenye njia bora zaidi asinyamaze, atuandikie. Kwaherini kwa sasa.